Sekunde, Akii-Bua na Setilaiti Iliyoitwa Uhuru

Mwaka jana, katika somo la tafsiri, niliwapa wanafunzi wa mwaka wa pili aya fupi kutoka kitabu cha fizikia cha sekondari. Aya ilihusu mwendo wa sauti. Mwanafunzi mmoja akaandika kwamba sauti husafiri hewani "mita 340 kwa ya pili". Darasa likacheka, nami nikacheka nao. Yeye hakukasirika. Alisubiri tunyamaze, kisha akauliza: "Mwalimu, basi tuseme nini? Na hiyo sekunde yenyewe ni kitu gani? Kwa nini Waingereza wanaiita kwa neno lile lile la pili?"

Jibu nililompa lilikuwa la mkato: hayo waulize wenzetu wa sayansi. Ni jibu ambalo sisi walimu wa lugha tumelizoea mno. Nilipofika nyumbani jioni likaanza kunisumbua. Hapa Uganda katiba ilirekebishwa mwaka 2005, Kiswahili kikatajwa kuwa lugha rasmi ya pili (hilo "pili" halituachi!), na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likakiidhinisha kuwa lugha rasmi na kupendekeza kiwe somo la lazima katika shule za msingi na za sekondari. Hawa tunaowafundisha leo ndio watakaosimama mbele ya madarasa hayo. Wazazi wengi wa watoto watakaowafundisha bado wanakikumbuka Kiswahili kama lugha ya kambi za jeshi na vizuizi vya barabarani. Mtoto akiuliza sekunde ni nini, na mwalimu wa Kiswahili akamtuma kwa mtu mwingine, mwalimu huyo atakuwa amethibitisha kile ambacho mtoto anaambiwa nyumbani: kwamba lugha hii ni ya soko na amri tu, na mambo mazito yana lugha yake. Basi hapa nimeandika jibu ambalo nilipaswa kulitoa siku ile.

Pili ya nini?

Kwanza nimtendee haki mwanafunzi wangu. Katika kosa lake alikuwa karibu na ukweli kuliko sisi tuliomcheka. Wanajimu wa Babeli ya kale walihesabu kwa sitini, kama sisi tunavyohesabu kwa kumi. Wagiriki wakairithi hesabu hiyo, na Waarabu wakaipokea kutoka kwa Wagiriki. Ukiigawa saa kwa sitini unapata sehemu ndogo ya kwanza. Ukiigawa sehemu hiyo tena kwa sitini unapata sehemu ndogo ya pili. Kwa Kilatini waliziita hivyo hivyo, ndogo ya kwanza na ndogo ya pili. Katika matumizi ya kila siku ile ya kwanza ikabaki na neno "ndogo" na ile ya pili ikabaki na neno "pili". Kwa hiyo jina la kizio hiki katika lugha za Ulaya ni nusu tu ya jina refu lililokatwa. Wataalamu wa zamani hawakuishia hapo. Al-Biruni, mwanazuoni mkubwa wa karne ya 10 na ya 11, alipoandika nyakati za mwezi mwandamo aligawa saa hadi sehemu ya tatu na ya nne, ingawa hapakuwa na chombo duniani ambacho kingeweza kuzipima. Ilikuwa hesabu ya kwenye karatasi.

Waarabu nao walifanya kama Walatini. Neno lao la sehemu ya kwanza lina maana ya kitu kidogo, chembamba, na hilo ndilo "dakika" yetu. Neno lao la sehemu ya pili ni "thaniya", yaani ya pili. Kiswahili kilichukua dakika, thaniya hakikuishughulikia. Badala yake tuna "sekunde", neno ambalo umbo lake linafanana zaidi na lile la Kijerumani kuliko matamshi ya Kiingereza. Tukikumbuka kwamba "shule" nayo tumeipata kwa Wajerumani, si jambo la kushangaza. Waganda, kwa upande wao, walisikiliza saa yenyewe inavyolia, wakaiita "akatikitiki". Nakiri kwamba kati ya majina yote haya, hilo ndilo linalonifurahisha zaidi.

Lipo pia neno "nukta", ambalo kamusi zetu hulipa maana ya sekunde pamoja na ile ya alama ya kituo. Wapo wenzangu wanaolipendelea kwa sababu lina asili ya pwani. Nami nalipenda katika mazungumzo: "nisubiri nukta moja" ni Kiswahili kitamu. Lakini katika sayansi tutapata taabu, kwa sababu nukta ina kazi nyingine katika hesabu. Hebu jaribu kusoma 47.82 kwa sauti: arobaini na saba nukta themanini na mbili. Sasa ongeza kizio. "Nukta arobaini na saba nukta themanini na mbili" ni fumbo. Ndiyo maana darasani nasisitiza sekunde, katika ngeli ya I-/ZI-: sekunde hii, sekunde hizi, sekunde nyingi. "Masekunde" niliyoyaona katika karatasi za mtihani wa mwisho hayamo. Kwa vigawanyo, milisekunde ni sehemu ya elfu moja, mikrosekunde ni sehemu ya milioni moja. Na "mita 340 kwa sekunde" inatosha kabisa, haihitaji pambo.

Sehemu moja ya mia

Hiyo 47.82 sikuiokota hovyo. Tarehe 2 Septemba 1972, katika Michezo ya Olimpiki ya Munich, John Akii-Bua alikimbia mita 400 kuruka viunzi kwa sekunde 47.82. Alikuwa katika njia ya kwanza, ile ya ndani ambayo kona zake ni kali. Hakuna mtu aliyewahi kukimbia mbio hizo chini ya sekunde 48 kabla yake, na hiyo ikawa medali ya kwanza ya dhahabu ya Olimpiki kwa Uganda. Hayo kila mtoto wa shule hapa nchini anapaswa kuyajua. Lakini tazama walioshika nafasi mbili zilizofuata. Ralph Mann wa Marekani alipata 48.51, David Hemery wa Uingereza alipata 48.52. Fedha na shaba zilitenganishwa na sehemu moja ya mia ya sekunde.

Hiyo ni kiasi gani? Hapa ndipo sekunde inapoanza kuonyesha tabia yake. Mtu anayekimbia mita 400 kwa sekunde 48.5 huenda wastani wa mita 8.25 kila sekunde. Katika sehemu moja ya mia ya sekunde anasogea sentimita 8 hivi, upana wa kiganja. Akii-Bua aliwaacha kwa sekunde 0.69, yaani karibu mita 5.7. Sisi husema "kufumba na kufumbua" tukimaanisha muda usiohesabika, lakini kupepesa jicho huchukua karibu theluthi moja ya sekunde. Kabla jicho la mtazamaji halijafunga na kufunguka, mkimbiaji amekwisha sogea zaidi ya mita mbili na nusu.

Nataka msomaji alishike hilo: ukijua mwendo, muda hugeuka kuwa urefu. Mwaka 1972 hesabu hiyo ilikuwa inafanyika pia mbali sana na Munich, kwa vitu ambavyo hakuna jicho lililowahi kuviona, na chombo kilichoifanya kilikuwa na jina la Kiswahili. Nitafika huko. Kwanza tuulize sekunde ni ndefu kiasi gani, na nani aliyeamua.

Kutoka jua hadi atomu

Kwa karne nyingi jibu lilikuwa rahisi. Siku ina saa 24, saa ina dakika 60, dakika ina sekunde 60. Zidisha upate 86,400. Sekunde basi ilikuwa sehemu moja ya 86,400 ya siku ya wastani ya jua. Nasema "ya wastani" kwa sababu jua lenyewe si mtunza saa mwaminifu. Sisi Waswahili, na Waganda pia, tunaianza saa moja ya mchana baada ya mapambazuko, na hapa kwenye ikweta mpango huo unafaa sana kwa kuwa mchana na usiku hukaribia kulingana mwaka mzima. Lakini toka nje Kampala saa sita kamili mchana uangalie kivuli chako. Jua bado halijafika utosini. Saa za Afrika ya Mashariki zimewekwa kwa kufuata longitudo 45 mashariki, mstari ambao haugusi hata Kenya. Kampala iko karibu digrii 12 na nusu magharibi ya mstari huo, na kila digrii ni dakika 4, yaani sekunde 240. Kwa wastani jua la Kampala huchelewa dakika 50 kufika juu kabisa. Saa ya mkononi ni makubaliano ya watu.

Tatizo kubwa zaidi lilikuwa dunia yenyewe. Watu wa pwani wanaijua nguvu ya maji kujaa na kupwa. Mwezi unapoyavuta maji ya bahari, dunia inayozunguka chini yake hupunguzwa kasi kidogo, kama gurudumu lililoguswa na breki. Siku huongezeka kiasi cha milisekunde 2 hivi kwa kila miaka mia moja. Ni kidogo sana, na juu yake kuna kuyumba kwingine kunakoifanya dunia mara iharakishe, mara ichelewe. Kwa mshona nguo au dereva wa teksi hakuna hasara. Kwa mtu anayetaka kipimo ambacho kitakuwa kile kile leo na baada ya miaka elfu, ni sawa na kupima kitambaa kwa mkanda wa mpira.

Mwaka 1955, huko Teddington nchini Uingereza, Louis Essen na Jack Parry waliunda saa ya kwanza ya atomu za sesiamu iliyofaa kwa kazi ya kila siku. Wazo lake linaweza kuelezwa kwa pembea. Mtoto akiwa kwenye pembea, ukimsukuma kwa wakati unaolingana na mwendo wake atapanda juu. Ukimsukuma ovyo ovyo hapandi. Atomu ya sesiamu nayo ina hali mbili zinazokaribiana sana kwa nishati, na huhama kutoka hali moja hadi nyingine ikiguswa na mawimbi yenye mdundo mmoja maalumu tu. Wanafizikia hurekebisha mawimbi mpaka atomu nyingi ziitikie, kisha huhesabu mawimbi hayo. Mwaka 1967 mkutano wa kimataifa wa vipimo ukaamua kwamba sekunde ni muda wa mitetemo 9,192,631,770 ya mawimbi hayo ya atomu ya sesiamu 133. Atomu za sesiamu hazichakai, wala hazitofautiani. Iliyoko Kampala na iliyoko Paris hutoa mdundo ule ule.

Kuanzia hapo, ndugu msomaji, sekunde haikuwa tena kipande cha siku. Ilijitegemea, na siku ndiyo ikaanza kupimwa kwa sekunde. Ilipoonekana kwamba dunia imebaki nyuma ya saa za atomu, waliongeza sekunde moja. Mara ya kwanza ilikuwa mwishoni mwa Juni 1972, miezi miwili kabla ya Akii-Bua kuingia uwanjani, na mpaka ile ya mwisho, mwishoni mwa Desemba 2016, zilikuwa zimeongezwa sekunde 27. Nyongeza hufanywa kabla tu ya usiku wa manane wa Greenwich, hivyo kwetu ilitokea alfajiri ya Mwaka Mpya 2017: saa nane usiku, dakika 59, sekunde 59, kisha badala ya kuingia saa tisa kamili ikaja sekunde ya 60. Ni wakati ambao kwa kawaida haupo. Wenye kompyuta hawakuupenda utaratibu huu, kwa kuwa mashine hazikuzoea dakika yenye sekunde 61, na mwaka 2022 mkutano ule ule wa vipimo ukaamua kwamba uachwe ifikapo 2035.

Kipimo hiki kilipotulia, vingine vikakiegemea. Hata mita haina tena ufito wake. Tangu 1983 mita ni umbali ambao mwanga husafiri katika ombwe kwa sehemu moja ya 299,792,458 ya sekunde. Yule kijana wa boda boda anayekutafuta kwa ramani ya simu anategemea jambo hilo hilo: simu hupokea ishara za setilaiti zenye saa za atomu na kugeuza tofauti za muda kuwa umbali. Kosa la mikrosekunde moja tu ni mita 300, naye angekusubiri mtaa mwingine kabisa.

Jukwaa la Ngomeni

Sasa twende pwani. Kaskazini ya Malindi, karibu na kijiji cha Ngomeni, Waitalia walisimamisha majukwaa ya chuma baharini katika miaka ya 1960. Jukwaa la kurushia roketi liliitwa San Marco. Sababu ya kuchagua mahali hapo ni ikweta. Dunia inapozunguka, mtu aliyesimama kwenye ikweta huchukuliwa kuelekea mashariki mita 465 kila sekunde bila kuhisi lolote. Roketi inayorushwa kuelekea mashariki huanza safari na zawadi hiyo mkononi, na mashariki ya Ngomeni ni Bahari ya Hindi tupu, hakuna anayeangukiwa.

Tarehe 12 Desemba 1970 roketi ya Kimarekani aina ya Scout iliondoka San Marco ikiwa na setilaiti ndogo. Ilikuwa miaka saba kamili tangu Kenya ipate uhuru. Marjorie Townsend, mhandisi Mmarekani aliyeusimamia mradi, akaipa setilaiti hiyo jina la Uhuru kwa heshima ya siku hiyo na ya wenyeji waliowapokea. Ikiwa angani ilikwenda zaidi ya kilomita 7 na nusu kila sekunde. Kwa mwendo huo ungetoka Kampala ukafika Jinja kwa sekunde kumi na kitu, jambo ambalo kwa foleni ya Mukono ninayoijua mimi ni ndoto.

Kazi ya Uhuru ilikuwa kutafuta miale ya eksirei kutoka kwenye nyota, na ilikuwa setilaiti ya kwanza kutengwa kwa kazi hiyo peke yake. Miale hiyo haifiki ardhini kwa sababu hewa huimeza. Kabla yake watafiti walitegemea roketi ndogo zilizopanda na kuanguka. Mwaka 1962 Riccardo Giacconi na wenzake walikigundua chanzo cha kwanza cha eksirei nje ya mfumo wa jua kwa kutumia roketi iliyokaa juu ya hewa nzito kwa sekunde 350 tu. Hebu fikiria, dakika zisizofika sita za kuitazama mbingu. Uhuru ilikaa ikitazama kwa zaidi ya miaka miwili, hadi Machi 1973, ikijizungusha polepole na kuifagia anga. Giacconi alipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2002, na kazi ya Uhuru ni sehemu kubwa ya sababu.

Mwaka 1971 watafiti walikuwa wakipitia hesabu za chanzo kimoja katika kundinyota la Centaurus. Eksirei zake hazikuja mfululizo. Zilikuja kwa mapigo, moja kila sekunde 4.8, kama mtu anayepiga ngoma moja gizani bila kuchoka.

Tufanye sasa hesabu ya Akii-Bua. Mapigo ya namna hiyo yanatokana na kitu kinachojizungusha, kila mzunguko ukileta pigo moja. Je, kinaweza kuwa na ukubwa wa jua letu? Mzingo wa jua ni karibu kilomita milioni 4.4. Kama jua lingejizungusha mara moja kwa sekunde 4.8, uso wake ungekwenda zaidi ya kilomita 900,000 kwa sekunde, mara tatu ya mwendo wa mwanga. Haiwezekani. Lazima kitu hicho kiwe kidogo sana, na kizito sana ili kisisambaratike kwa kuzunguka. Leo tunajua ni nyota ya nyutroni, mabaki ya nyota kubwa iliyolipuka: uzito unaozidi wa jua umebanwa ndani ya tufe ambalo kipenyo chake ni kama safari ya kutoka katikati ya Kampala hadi Mukono. Hakuna aliyeliona tufe hilo. Waliyokuwa nayo ni sekunde 4.8.

Kisha wakagundua jambo jingine. Mapigo hayakuwa na nafasi sawa kabisa. Kwa muda yaliwahi kidogo kuliko ilivyotarajiwa, halafu yakaanza kuchelewa, na kila baada ya siku mbili na saa mbili hivi mzunguko huo ulirudia. Katikati, kwa saa kadhaa, yalinyamaza kabisa. Maelezo ni kwamba nyota hiyo ndogo inaizunguka nyota nyingine kubwa. Ikiwa upande wa karibu nasi, mapigo yake yana safari fupi, huwahi. Ikiwa upande wa mbali, huchelewa. Ikipita nyuma ya mwenzake, tunakosa kuisikia. Kuwahi na kuchelewa huko hufika karibu sekunde 40 kila upande, na sekunde 40 za mwanga ni kilomita milioni 12. Ndiyo umbali wa njia yake kutoka katikati. Wamepima njia ya nyota isiyoonekana kwa kuhesabu tu mapigo yanavyochelewa, kama mama anayejua mtoto amefika wapi na ndoo ya maji kwa kusikiliza wimbo wake.

Uhuru ilikuta pia chanzo katika kundinyota la Cygnus ambacho hakikuwa na mapigo ya mpangilio. Kilipanda na kushuka kwa fujo ndani ya sehemu ndogo ya sekunde. Hata fujo hiyo ilikuwa na habari. Chukua uwanja wa Namboole uliojaa watu. Mtu akianzisha kelele upande mmoja, wale wa upande wa pili hawawezi kuitikia kabla sauti haijawafikia. Uwanja ukiwa mkubwa zaidi, itikio la pamoja litachelewa zaidi. Angani hakuna kinachosafiri haraka kuliko mwanga, na mwanga katika sehemu ya kumi ya sekunde huenda kilomita 30,000. Kitu kinachowaka na kufifia ndani ya muda huo hakiwezi kuwa kikubwa kuliko umbali huo, na 30,000 si hata mara tatu ya kipenyo cha dunia yetu. Baadaye, wataalamu walipopima uzito wake kwa njia ya nyota inayoandamana nacho, walikuta ni kizito mno kuwa hata nyota ya nyutroni. Ndicho kitu cha kwanza ambacho wanasayansi wengi walikubali kwamba ni shimo jeusi. Makadirio ya mwaka 2021 yanakipa uzito wa majua 21.

Nina sababu ya kikazi ya kulisimulia hili mbele ya walimu wa Kiswahili. Orodha ya nne na ya mwisho ya vyanzo vilivyogunduliwa na Uhuru ilitolewa mwaka 1978 ikiwa na vyanzo 339. Kila kimoja kilipewa jina linaloanza na 4U, yaani orodha ya nne ya Uhuru, na mengi ya majina hayo wanaastronomia wa dunia nzima wanayatumia mpaka leo. Wajapani wanayaandika, Wajerumani wanayaandika. Ile herufi U ni Kiswahili. Niliposoma shahada yangu ya uzamili Dar es Salaam tulijadili kwa muhula mzima kama lugha yetu inaweza kuingia katika sayansi, na hakuna hata mmoja wetu aliyejua kwamba ilikuwa imekwisha ingia, tena kutokea Malindi.

Kimoja cha vyanzo hivyo kinaitwa 4U 1820-30. Tarakimu zinaonyesha mahali pake: saa 18 na dakika 20 za ramani ya anga, digrii 30 kusini. Mwezi wa Julai na Agosti, usiku, upande huo wa anga unapita juu ya Kampala ukielekea kusini kidogo, ingawa eksirei zenyewe hatuzioni. Ni nyota mbili ndogo zilizosongamana ajabu. Mwaka 1987 watafiti waliotumia setilaiti ya Ulaya walipima muda ambao moja huchukua kuizunguka nyenzake. Si mwaka, wala si siku. Ni sekunde 685.

Niliporudi darasani nilimwomba radhi yule mwanafunzi, nikayasimulia haya yote kwa Kiswahili bila kukopa sentensi hata moja. Wakati wa maswali yeye mwenyewe alipiga hesabu ubaoni. Kipindi chetu kina saa mbili, yaani sekunde 7,200. Kugawa kwa 685, nyota zile huzungukana mara kumi na nusu tangu kengele ya kwanza hadi ya mwisho. Akageuka akaniambia kwa adabu, "Lakini leo, Mwalimu, ni mara tisa na nusu tu. Ulichelewa dakika kumi na moja."